Kitunguu Hakina Miguu

Muhogo humvumilia anayekimbia. Mtu akiamshwa usiku na milio ya risasi akaondoka na watoto, muhogo wake hubaki ardhini. Akirudi baada ya miezi minane ataukuta umekakamaa na nyuzi zimekaza, lakini unaliwa. Lengalenga ina fadhila ya namna nyingine: haimngojei mtu, ila haimcheleweshi pia, kwani wiki nne tangu kusia mbegu imeshafika chunguni. Kitunguu hakina fadhila hata moja kati ya hizo. Kinataka ukae nacho miezi minne au mitano mahali pamoja, ukikipalilia kwa mkono kwa sababu majani yake membamba hayana kivuli cha kuzuia magugu. Siku kinapokomaa kinakutaka uwepo, la sivyo mvua ya kwanza itakiozesha hapohapo kwenye tuta. Kitunguu saumu kina masharti hayohayo, na mengine juu yake.

Kwa hiyo kuuliza kama mama wa Masisi au wa Walikale, mashariki mwa Kongo, anaweza kulima vitunguu vyake nyuma ya nyumba ni kuuliza mambo manne kwa pamoja: jua linasemaje, baridi inasemaje, mvua inasemaje, na wenye ardhi na wenye bunduki wanasemaje. Mambo matatu ya kwanza yana majibu, tena yenye kutia moyo kuliko wengi wanavyodhani. La nne ndilo linaloamua kipandwe nini, lini, na kwa kiasi gani. Ushauri wa kilimo unaoishia kwenye yale matatu hauwafai watu wa huku, hata ukiwa sahihi kwa kila neno.

Mchana usiorefuka

Miji ya Masisi na Walikale iko karibu na nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta. Huko mchana ni saa kumi na mbili na dakika chache, Januari sawa na Julai. Kwa mkulima wa maharagi jambo hilo halina uzito wowote, ila kwa kitunguu ni amri. Mmea huu hupima urefu wa mchana kabla ya kuacha kutoa majani na kuanza kuvimba chini. Aina zilizozaliwa Ulaya ya kaskazini hungojea mchana wa saa 15 au 16, na zikipandwa Mweso ya Masisi au Pinga ya Walikale hungojea kitu ambacho hakiji. Hutoa majani ya kupendeza, shina hunenepa, na kichwa hakifungi.

Mwenye bustani akiona hivyo hulaumu samadi, hulaumu udongo, pengine humlaumu jirani mwenye jicho baya. Kosa lilikuwa kwenye pakiti. Aina zinazofaa ni zile za mchana mfupi: Red Creole, yenye kichwa chekundu kilichobonyea na ukali wa kutosha kumliza mpishi, Bombay Red, Texas Grano, kubwa na laini lakini isiyokaa ghalani muda mrefu, na Violet de Galmi, iliyopewa jina la mji wa Galmi huko Niger. Anayepokea mbegu za msaada au kununua kopo dukani na asome kwanza jina la aina kabla hajaangalia picha ya kitunguu kikubwa iliyobandikwa nje.

Baada ya jina atazame tarehe. Mbegu ya kitunguu hufa upesi kuliko mbegu nyingi za bustani. Katika joto na unyevu, kopo lililofunguliwa na kukaa mwaka mmoja kwenye rafu linaweza kuwa limebeba maiti. Kipimo hakihitaji maabara: funga mbegu 20 ndani ya kitambaa chenye maji, kiweke pembeni mwa jiko, uhesabu baada ya siku kumi. Zikiota 15, sia. Zikiota 5, usipoteze tuta lako.

Hapa linajitokeza jambo ambalo Masisi haijalitumia vya kutosha. Kitunguu hakitoi ua mpaka kionje baridi, ndiyo maana nyanda za joto hununua mbegu kutoka nje msimu baada ya msimu. Milima mirefu haina kikwazo hicho. Vichwa bora vya Red Creole, ambayo si chotara na hivyo watoto wake hufanana na mama, vikihifadhiwa na kupandwa tena mahali penye usiku wa baridi vinaweza kuchanua na kuzaa mbegu. Vichotara vilivyoandikwa F1 havifai kwa kazi hiyo, kwani watoto wao hutoka kila mmoja na sura yake. Kongo ina taasisi ya utafiti wa kilimo, INERA, yenye kituo cha Mulungu huko Kivu Kusini, na ina SENASEM, idara ya taifa ya mbegu. Mlima wenye baridi unaotoa mbegu zilizokaguliwa ungekuwa na faida kubwa kwa mkoa kuliko shehena ya makopo yanayokwisha na msimu.

Masisi: baridi iliyo mali

Katika Kiswahili cha Kivu watu wengi huviita vitunguu bitunguru, na katika Kinyarwanda, kinachosemwa na kaya nyingi za Masisi, kitunguu saumu huitwa tungurusumu. Mgeni akisikia “sumu” hushtuka bure. Neno limetoka kwa Waarabu, wanaokiita thum, likapita pwani kama thumu na saumu, likapanda bara hadi kwenye vilima hivi na kubadilishwa na kila ulimi lilikopita. Sumu ya kuua ina asili nyingine kabisa.

Mmea wenyewe haukubadilika kirahisi kama jina lake. Kitunguu saumu hakizai mbegu ya kusia. Hupandwa punje kwa punje. Punje nayo haigawanyiki kuwa kichwa chenye punje nyingi mpaka ipate majuma kadhaa ya baridi. Ikikosa baridi hutoa majani matupu, au kijitunguu kimoja cha mviringo kisicho na punje ndani. Penye umeme wa uhakika watu hulaza punje kwenye friji wiki sita au nane kabla ya kuzipanda. Masisi haihitaji friji. Ukitoka Sake, karibu na ziwa Kivu, barabara hupanda kuelekea Mushaki hadi kwenye nchi ya malisho na jibini, penye vilima vinavyopita mita 2,000. Kule mtu anakolala na blanketi mbili, kitunguu saumu hulala vizuri. Ushahidi uko ng'ambo ya mpaka: wilaya za Nyabihu na Musanze nchini Rwanda, zenye mwinuko na udongo wa volkano unaofanana na wa Masisi ya mashariki, zinakilima na kukiuza. Nchini Tanzania nako, sifa ya zao hili imeshikwa na nyanda za juu kama Mbulu, si na pwani yenye joto.

Kazi ya bustani si ngumu, ila haitaki haraka. Chagua punje kubwa za nje ya kichwa, maana kichwa kitafuata ukubwa wa punje. Usizimenye. Zipande ncha juu, kina cha sentimita 4 au 5, na nafasi ya sentimita 10 kwa 20. Kwa kipimo hicho mita moja ya mraba hubeba mimea 50. Kila kichwa kikifika gramu 40, hizo ni kilo mbili, na familia inayotumia punje mbili tatu kwa siku itakula miezi. Samadi iwe iliyooza zamani, kwani mbichi hualika funza na kuoza. Maji yasimamishwe wiki mbili kabla ya kung'oa. Na kama kichwa kina punje kumi, kichwa kimoja katika kila kumi lazima kirudi ardhini. Anayekula sehemu hiyo amekula bustani ya mwaka ujao.

Baridi ina adui wake pia. Uozo mweupe, kuvu inayoshambulia mizizi ya jamii hii ya mimea, hupenda udongo wa ubaridi, na vijidonge vyake vyeusi vinaweza kukaa ardhini miaka 20 vikingojea kitunguu kingine. Uozo huo ukiingia bustanini umeingia; hakuna dawa ya kikombe kimoja. Kinga ni kukataa punje zenye madoa au harufu ya kuoza, na kutorudisha kitunguu, kitunguu saumu wala puwaro (liki) kwenye tuta lilelile kabla ya miaka mitatu au minne kupita. Kinga hiyohiyo inatufundisha kujihadhari na vichwa vya dukani. China huzalisha karibu robo tatu ya kitunguu saumu cha dunia nzima, na vichwa vyake vyeupe vimefika katika masoko mengi ya Afrika. Vinafaa kwa mchuzi. Kwa mbegu ni bahati nasibu, kwa kuwa vilichaguliwa kwa ajili ya majira ambayo Masisi haina.

Walikale: mvua isiyo na likizo

Tazama mahali Afrika Mashariki inakopata kitunguu chake kikubwa: Mang'ola, kando ya ziwa Eyasi, Ruaha Mbuyuni, kwenye bonde la joto katikati ya Tanzania, Loitokitok chini ya Kilimanjaro, Kasese nchini Uganda. Nyingi ya sehemu hizo zina sura moja: anga kavu juu, maji ya mfereji chini. Kitunguu hupenda kunywa kwa mizizi na kuchukia kulowa majani.

Walikale ni kinyume chake. Ni wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa yake ni msitu ulio chini ya mita 1,000, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi. Maji hayo yote yameosha udongo, yakauacha na uchachu na njaa. Hewa ya joto na unyevu hulea ugonjwa wa baka la zambarau, unaoanza kama doa dogo kwenye jani na kulivunja kabla kichwa hakijajaa. Kinachofanikiwa kufunga kichwa hakipati siku kumi za jua la kukausha shingo, na kitunguu chenye shingo mbichi huozea ndani.

Je, mtu wa Walikale aache? Aache kitunguu saumu, ndiyo, isipokuwa kwenye miinuko ya mashariki inayopakana na Masisi. Ila vitunguu vina ukoo mpana. Vipo vya majani na vile vidogo vinavyokua kwa mafungu, ambavyo havimdai mtu kichwa. Unapanda kimoja, kinajigawa kuwa sita au saba, unachukua vinne na kurudisha vilivyobaki. Majani hukatwa vidole viwili juu ya ardhi na kuota tena. Hakuna kukausha, hakuna ghala, hakuna kopo la kununua mjini. Kwa sombe iliyopikwa kwa mawese, jani la kitunguu na kichwa cha kitunguu hufanya kazi moja.

Anayetaka vichwa hata hivyo na ajenge tuta lenye kimo cha mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, ili maji yakimbie. Achanganye majivu ya jikoni, yanayopunguza uchachu wa udongo na kuleta potasi. Viganja viwili kwa mita ya mraba vinatosha, kwani majivu yakizidi huunguza. Miche itoke kwenye kitalu ikiwa na unene wa penseli, baada ya wiki sita hadi nane, na isizikwe sana. Mavuno yahesabiwe yaangukie miezi ya mvua chache, Juni hadi Agosti. Kisha vichwa vifungwe mashada na kuning'inizwa juu ya mafiga, mahali palepale panapokaushwa mahindi, moshi ufanye kazi ambayo jua limekataa kuifanya.

Ardhi ina mwenyewe

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila mtu ana mahali pa kupanda. Masisi haiko hivyo. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji, kupitia mpango ulioitwa kwa kifupi MIB, ulileta maelfu ya familia kutoka Rwanda kuja kuishi na kufanya kazi katika vilima vya Wahunde, wenyeji wa Masisi. Walowezi walikata mashamba makubwa. Mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilipowanyang'anya wageni mali zao, mengi ya mashamba hayo yaliangukia mikononi mwa watu wenye majina makubwa. Sheria ya ardhi ya mwaka huohuo ilitangaza kwamba ardhi yote ni ya dola. Kuhusu ardhi inayokaliwa kwa desturi, iliahidi amri maalumu ya rais itakayoeleza haki za wanaoikalia. Amri hiyo haikutolewa. Ndani ya ukimya huo wa kisheria ng'ombe walipata milima na watu wakabaki na mabonde, na mgogoro uliowashwa sokoni Ntoto, Walikale, mnamo Machi 1993 ukasambaa hadi Masisi.

Kwa mkulima wa vitunguu, historia hiyo ina maana ya mita za mraba. Shamba la mbali hukodiwa kwa fedha, kwa sehemu ya mavuno au kwa siku za kumfanyia kazi mwenye nalo, na mwaka ujao linaweza kupewa mwingine. Kupanda mti ni kudai ardhi, na mwenye nayo anajua. Kitunguu hakimtishi mtu: kinapandwa, kinang'olewa, tuta linabaki tupu. Lakini nani ataweka samadi ya miaka mitatu na kuhesabu mzunguko wa miaka minne katika ardhi ambayo hajui kama atailima Septemba ijayo? Mzunguko wa mazao, ambao ni sehemu ya kinga dhidi ya uozo mweupe, ni jambo la mtu mwenye uhakika.

Ndiyo maana bustani ya nyumbani ina thamani kubwa kuliko ukubwa wake. Kipande cha hatua kumi kwa tano nyuma ya jiko, chenye taka za kupikia, majivu na kinyesi cha kuku, mara nyingi ndicho pekee ambacho mama hamwombi mtu ruhusa kukipanda, na pesa yake ndogo huishia mkononi mwake.

Barabara na mzigo

Goma ndiyo mdomo mkubwa wa eneo hili, na haingoji Masisi. Rubavu, upande wa Rwanda, hulima vitunguu kwa wingi, na kila siku wanawake huvuka na mizigo yao kwenye kivuko kiitwacho mpaka mdogo, mojawapo ya vivuko vyenye watu wengi zaidi katika bara zima. Mkulima wa mlimani hushindana na jirani mwenye barabara ya lami. Yeye mwenyewe ana matope, chukudu ya mbao inayoshuka na mzigo hadi Sake, na vizuizi ambako kila mwenye kamba hudai chake.

Hapo kitunguu saumu kinakishinda kitunguu. Ni chepesi, ni ghali kwa uzito wake, na kikikaushwa vizuri hukaa miezi bila kuoza kwa sababu ya siku mbili za barabara mbovu. Gunia moja la viazi na mfuko mmoja wa kitunguu saumu vinaweza kulipa kizuizi kimoja sawa. Havileti faida sawa.

Walikale ina hesabu yake. Tangu bati lilipogunduliwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wengi waliacha jembe na kushika nyundo, na chakula kikawa kinaletwa kwa ndege ndogo zilizokuwa zikitua barabarani huko Kilambo na kuondoka na madini. Msitu wenye mvua ya kutosha ukawa unakula vya angani. Katika masoko ya namna hiyo fungu la majani ya kitunguu lililovunwa asubuhi karibu na nyumba halina mshindani, kwa kuwa hakuna rubani anayebeba majani.

Miezi mingapi?

Sasa nusu ya pili ya lile swali la nne: wenye bunduki. Mtu aliyepanda kitunguu saumu katika mji wa Masisi mwezi Septemba 2024 angetarajia kung'oa Januari au Februari. Tarehe 4 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini humo. Kabla mwezi haujaisha, Goma nayo ikaanguka. Aliyesia kitunguu Walikale mwanzoni mwa 2025 alikuwa na miche ya kuhamishia kwenye matuta mwezi Machi, ndio mwezi ambao waasi haohao walifika mjini Walikale, kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Mgodi mkubwa wa Bisie wenyewe ulisimamisha kazi wiki hizo. Walinzi na ndege za kampuni havikutosha kuubakiza wazi. Kitalu cha mama kingebaki vipi?

Februari 2025 kambi zilizouzunguka mji wa Goma zilivunjwa, na maelfu kwa maelfu walirudi Masisi, wengi bila mbegu na bila kujua watakaa muda gani. Kwao ushauri mzuri hauanzi na zao bora. Unaanza na muda walio nao.

Mwenye mwezi mmoja apande lengalenga. Mwenye miwili aongeze kitunguu cha majani, akikate kichanga. Mwenye mitatu au minne, lakini asiye na hakika, apande puwaro. Mmea huu wa ukoo wa vitunguu haudai urefu wa mchana, hauna kichwa cha kukausha, unapenda baridi ya Masisi, na zaidi ya yote hauna siku maalumu ya kukomaa. Husimama tutani wiki nyingi ukingoja kuchukuliwa mmoja mmoja. Kati ya vitunguu vyote, huo ndio unaomkaribia muhogo kwa uvumilivu. Goma inaupika kila siku, kwa hiyo soko lipo.

Kitunguu saumu kije mwisho, na kidogo: punje 50, mita moja ya mraba. Hata mavuno yakipotea, hasara ni vichwa vitano vya mbegu. Ila vichwa vitano vingine visipandwe. Vifungwe shada, viwekwe mahali ambapo mkono utavikuta gizani, pamoja na kitambulisho cha uchaguzi na sufuria ndogo. Kitunguu kilichoko ardhini hakina miguu. Hivyo vitano vitatumia miguu ya mwenyewe, na popote atakapofika penye blanketi mbili usiku, vina bustani nzima ndani yake.